Mwalimu Ozella Pickett Gaines, Aliyewapeleka Wachezaji Wetu Chuoni

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, jamaa na marafiki, nanyi mliokosa viti mkasimama hadi mlangoni, familia ya Pickett na ya Gaines imenituma mimi, Willa, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, na nitayasoma nikiwa nimeinua kichwa, maana msiba huu una machozi lakini hauna aibu hata kidogo.

Mwalimu Ozella Marie Pickett Gaines alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa Tallulah, Louisiana, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Rufus Pickett, aliyefanya kazi kiwanda cha mbao, na marehemu mama Leatha, mpishi wa shule, na tangu utoto alikuwa mbishi, wa kuuliza "nani kasema?" hata ukimwambia kumekucha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1955 na kumaliza sekondari Mei 1967, lakini somo lililomwingia zaidi hakulipata darasani. Mwaka 1965 kaka yetu Cleophus, ambaye kwa mpira wa kikapu hakuwa na mfano katika wilaya hii, alitembelewa na kocha wa chuo kimoja cha Illinois, naye akala kambare wa mama, akaongezewa mara mbili, akamshika baba mkono na kusema kwamba nafasi ya kijana ipo na karo italipwa. Ilipofika Agosti chuo kikasema hesabu alizosoma hazitambuliwi, kwa kuwa shule ilikuwa imemweka darasa jepesi ili alama zake zisishuke akakosa mechi ya Ijumaa, na Cleophus akaingia kiwandani pamoja na baba, ambako alibaki miaka thelathini na sita.

Dada yetu alisoma Chuo cha Grambling, akahitimu shahada ya hesabu Mei 1971, na Septemba mwaka huo akaajiriwa kufundisha sekondari hapa hapa nyumbani. Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa katika kanisa hili na shemeji yetu Raymond Gaines, dereva wa posta, mtu mpole kama mnavyomwona, na wakabarikiwa mabinti wawili, Yolanda, aliyezaliwa 1974, na Denise, aliyezaliwa 1977, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kudaka mpira.

Mwaka 1979 alifanywa mshauri wa wanafunzi, na kuanzia hapo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ibada ikiisha, aliwaketisha wazazi kwenye ukumbi wa chini akawafundisha kwamba kufuzu kucheza Ijumaa si kufuzu kucheza chuoni, kwamba vyuo huanza kuhesabu masomo tangu mwaka wa kwanza wa sekondari na si mwaka wa mwisho, na kwamba sifa za makocha kwenye simu hazilipi karo. Mama mmoja aliyejigamba kuwa mwanawe keshaahidiwa nafasi alijibiwa mbele ya watu, "Mama, ahadi ni deni kwa muungwana, huyo kocha ana vijana arobaini wa kuwaambia hivyo hivyo, mwambie aandike."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo baadhi yenu mlioko hapa mlimnunia, nami sitaliruka. Agosti 1995 dada yetu aligundua kwamba Jerome, mwana wa Cleophus, nyota wa timu yetu ya kikapu, amewekwa darasa jepesi la hesabu vilevile kama baba yake, na bila kuomba ruhusa ya kocha akamhamishia aljebra. Januari kijana akafeli, kwa kanuni za shule akakaa benchi hadi msimu ukaisha, na timu tuliyotarajia ituletee kombe la jimbo ikatolewa mapema. Mji ulimkasirikia vibaya, hata kinyozi akamwambia shemeji Raymond akanyolewe na mkewe.

Cleophus alikuja kwake, akakataa kiti, akasema, "Ozella, umemkata mwanangu miguu! Vyuo vinakuja kumtazama mwaka huu, vimtazame amekaa benchi?" Dada akamjibu, "Kaka, hata wewe walikutazama, wakala wakashiba, wakaenda zao. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ninunie mimi leo, usije ukamlilia yeye kiwandani." Cleophus akatoka bila kuaga, na hawakusemeshana hadi majira ya joto.

Kila alfajiri kabla ya shule Jerome aliketi jikoni kwa shangazi yake akilalamika, "Shangazi, hii x inanichukia," naye akimwambia, "Haikujui, mwanangu, jitambulishe." Juni 1996 alipotakiwa kulirudia somo huko mji wa Monroe, mwendo wa saa moja kwa gari, aliyempeleka kila asubuhi alikuwa Cleophus, aliyeomba zamu ya usiku kiwandani ili aweze, na kijana akafaulu. Aprili 1997 chuo kimoja cha Arkansas kilimthibitisha kuwa anastahili kucheza na kusomeshwa, na siku aliyotia saini Cleophus alisimama mbele yetu sote akasema, "Ozella, laiti ungekuwa mshauri wangu mimi," na dada yetu, ambaye hatukumwona akilia hata kwenye maziko ya baba, alilia.

Jerome hakuwa mchezaji maarufu, lakini alihitimu, akarudi nyumbani kufundisha hesabu, na dada alipostaafu mwaka 2009 ndiye aliyekalia kiti chake.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2008, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Jumapili tarehe 3 Aprili 2011 alifariki hospitalini Monroe, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, mumewe na binti zake wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliompikia shemeji, walimu wenzake, na wachezaji wake waliosafiri kutoka mbali kuja kumbeba.

Wengi wameuliza kwa nini Jerome hayupo. Asubuhi hii ya Jumamosi kuna mtihani wa kuingia vyuo, na binti mmoja mkimbiaji wa shule yetu hakuwa na wa kumfikisha Monroe. Jerome alimwuliza baba yake afanyeje, na kaka Cleophus, aliyeketi hapa mbele, akamwambia, "Shangazi yako hatafufuka kwa wewe kukaa hapa. Mpeleke mtoto."

Atatukuta makaburini. Pumzika sasa, dada yetu mpenzi, binti yumo chumba cha mtihani.