Hodi ya Tatu

Pale njia ya Ganda inapoachana na barabara ya lami, nje kidogo ya Malindi, Muhdhar huuza kahawa kila asubuhi, nasi wanne huketi juu ya gogo la mnazi lililolazwa juu ya mawe. Gogo hilo lingali na vidato, yale makato ambayo mkwezi hutia miguu akipanda, na kila mmoja wetu ana kidato chake cha kuwekea kikombe. Lilitoka shambani kwa Lewis Mwaro, aliyekuwa akilaza wageni kwa mahema katikati ya minazi, mihogo na mbuzi wake, na ambaye kijiweni huitwa Mahema. Kiponda, aliyestaafu mashamba ya chumvi ya Marereni, huitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Abdulqadir wa Shella, fundi cherehani, ni Wakili, ingawa mahakamani hajawahi kufika. Mimi waniita Sajili, kwa kuwa napenda mtu aitwe kwa jina lake. Zamani kahawa hii tulikuwa tukiinywa kwa mahamri ya Dorcas, ambaye meza yake ilikuwa hapa hapa ubavuni mwetu. Tangu mwaka jana Dorcas amehamia ng'ambo ya barabara, na kahawa twainywa tupu.

Asubuhi ile Mwaro alikuja na habari kwamba anauza mahema.

— Yote sita, akasema, hata hajaketi. Wakili, wewe wayajua, zipu zake umezishona wewe. Nitafutie mtu.

— Yakhe, nani atanunua hema hapa? akasema Abdulqadir. Kila mtu ana kwake. Labda tuyakate, tuwashonee vijana wa bodaboda makoti ya mvua.

— Mbona mapema hivyo? akauliza Kiponda. Msimu haujaisha.

— Msimu gani, ndugu yangu? Mwaka wa kwanza mlikuwa mkiyaona magari hapa yakiuliza njia. Watu watoka Nairobi, watoka Nakuru, Wazungu nao wamo. Wakama mbuzi, wamenya mihogo na mke wangu Pola, mtoto wa watu akaa juu ya mbuzi ya kukunia mpaka ajikune vidole. Wafurahi! Sasa hata wa kuuliza njia hakuna.

Nilikumbuka kibao nilichomwandikia mwaka huo wa kwanza, kikisema kwamba hapa mgeni hulala shambani na kuamka na shamba. Kingali pale njiani, kimeinama.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema Kiponda. Hilo ndilo jibu. Hema ni kuinama kuingia, kuinama kutoka. Watu wa mjini migongo yao imekufa kwa viti. Wameinama mwaka mmoja, wamechoka, basi.

— Methali hiyo haihusu mahema, Kiponda, nikasema.

— Yahusu mvungu. Na hema si mvungu?

Muhdhar aligonganisha vikombe viwili mkononi, kama afanyavyo akitaka kusikilizwa.

— Mie nasema ni kahawa. Wageni wale walikuja na kahawa ya kopo, ya kukoroga. Mara ngapi nimemwambia Mwaro, nyumba isiyonuka kahawa ya kuchemshwa haina baraka? Hata malaika wapita mbali.

— Wewe kila kitu kwako ni kahawa, akasema Abdulqadir. Hii ni sheria. Mtu akilala juu ya ardhi bila kuta, kisheria bado yuko njiani. Na aliye njiani haruhusiwi kulipishwa malazi. Wageni wamekwenda wameuliza, wameambiwa, sasa waona haya kurudi.

— Sheria gani hiyo?

— Ipo.

— Namba yake?

— Sheria nzuri haihitaji namba.

— Nyinyi mwanichekesha, akasema Kiponda. Mimi nimekaa Marereni, najua. Kaskazi ikivuma huko, hubeba chumvi mpaka huku. Hema hunyonya chumvi kama kitambaa. Mgeni alala ndani usiku kucha, atiwa chumvi huku na huku, asubuhi jua lampiga. Ni ng'onda huyo, samaki mkavu! Akirudi kwao Nairobi amepungua, mkewe amtazama, asema, huyu si mume wangu. Mwanamke gani atamwacha mumewe aje tena?

— Na wale waliokuja na wake zao?

— Walipungua wote wawili, hawakujuana. Na tumbili je? Tumbili wa pale kwa Mwaro wamejifunza kufungua zipu.

— Zipu zangu tumbili hafungui! akapiga kelele Abdulqadir, akamwaga kahawa yake.

Mwaro hakucheka. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa chini.

— Mwacheka, akasema. Ni lipi nisilofanya? Wale wageni wa Agosti walilalamika hawapati usingizi, shamba lina kelele. Nikasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Majogoo nikawauza.

— Wote?

— Wote wawili. Kinu cha Pola nikakihamishia kwa shemeji yangu. Mbuzi nikawafunga matambara kengele zao. Pola mwenyewe alikuwa na mazoea ya kuimba akifagia ua, nikamwambia, mama, imba moyoni. Kukawa kimya, nawaambia, kama maziara.

— Wageni waja kuona shamba, akasema Muhdhar, wewe wawaonyesha picha ya shamba.

— Na bado wakaondoka.

— Waliondoka kwa sababu ya Darubini, akasema Kiponda. Hapo tuseme kweli.

Huyo aitwaye Darubini jina lake ni Phineas Gona. Alikuwa mgema wa Mwaro, na kabla yake wa babake Mwaro, na minazi ile aliipanda alfajiri na jioni kwa miaka mingi kuliko umri wa barabara hii ya lami. Agosti ya mwaka jana, mgeni mmoja wa kike alikuwa akioga katika bafu la makuti ambalo Mwaro alilijenga bila paa, kwa kuwa wageni walipenda kuoga wakiona mbingu. Akainua macho akamwona mzee juu ya kichwa chake, ameshika kuti. Akapiga mayowe. Watu wakakusanyika, na Mwaro akamfukuza Gona mbele yao wote, asirudi tena shambani. Gona alimtazama Mwaro kwa kitambo, kama mtu anayengoja kujibiwa. Kisha akakiweka kisu chake cha kugemea juu ya kizingiti, akaenda zake bila neno. Mgeni yule aliyaandika yote kwenye simu yake, yakasomwa na walimwengu. Kesho yake kijiwe kilikuwa tayari kimempa jina. Dorcas, ambaye ni dada yake Gona, alihamisha meza yake wiki iyo hiyo. Minazi nayo, ikikosa mtu wa kuisafisha vilele, ikaingiwa na wadudu. Wa kwanza kufa ni huu tunaoukalia.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akasema Kiponda. Huyu alisifiwa na wageni, akatia macho.

Abdulqadir alicheka. Ng'ambo ya barabara nilimwona Dorcas akiinua uso kutoka kwenye karai lake, kisha akauinamisha.

— Punguza sauti, Redio, akasema Muhdhar.

— Nimesema uongo? Mzee mzima, ana wajukuu! Nasikia yuko Mariakani sasa, analinda malori usiku.

— Ni heri, akasema Abdulqadir. Malori hayaogi.

Gari dogo la kijivu, limejaa vumbi la safari, lilisimama karibu nasi. Akashuka mtu wa makamo, ananyoosha kiuno.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, akasema Muhdhar. Karibu kahawa, mwanangu.

— Asante. Natafuta kwa Mzee Mwaro, kwa zile hema... Ala! Si ni wewe mwenyewe? Ni mimi, Gachanja wa Thika. Tulikaa kwako Pasaka ya mwaka juzi, mimi na mke wangu.

Mwaro alisimama akampa mikono yote miwili.

— Gachanja! Uliyeangukia zizi la mbuzi!

— Ndiye huyo! Mke wangu yuko kwa gari, amelala. Tunataka hema ile ile, ile iko karibu na bafu. Iko?

— Iko! Iko, wallahi... Mwaro alitugeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi. Wakili, yale mahema, usimwambie mtu kitu.

Muhdhar akammiminia mgeni kahawa. Hakukuwa na kidato kilichobaki, basi Gachanja akainywa wima, akiipulizia.

— Na yule mzee wa hodi, bado anapanda?

— Mzee yupi? akauliza Kiponda.

— Yule wa minazi. Asubuhi, kabla mguu uguse mti, alikuwa anasimama chini anaita, hodi juu! Mara tatu. Anangoja. Mke wangu akiwa kwa bafu anajifunga leso, anamjibu karibu, ndio mzee anapanda. Siku moja maji yalikuwa yanamwagika, hakusikia. Mzee akaita ya tatu, kimya, akachukua kibuyu chake akaenda. Akaacha tembo limwagike huko juu. Nyumbani kwetu mpaka leo, mtu akitaka kuingia bafu lazima apige hodi tatu.

— Huyo ni Darubini, akasema Kiponda. Hayuko. Alimchungulia mgeni wa kike akioga, akafukuzwa.

Gachanja alianza kucheka, kisha akaona sisi hatucheki.

— Huyo mzee? Haiwezekani. Kwani siku hiyo hakupiga hodi?

Sauti ya Gona ilikuwa ikifika mpaka hapa njia panda, alfajiri, Muhdhar akipepea makaa yake. Wanawake wa mitaa yote ya huku waliijua, na aliyekuwa uani kwake akioga alijisitiri hata kama mnazi haukuwa wa karibu naye. Nilijaribu kukumbuka niliisikia mara ya mwisho lini. Niliona kwamba wenzangu nao walikuwa wakijaribu.

— Majogoo, akasema Muhdhar polepole. Dele la kahawa lilikuwa bado mkononi mwake. Kinu. Kengele.

Akaishia hapo, akamtazama Mwaro.

Mwaro aliketi tena.

— Wiki moja tu, akasema. Nilimwambia, Phineas, panda kimya wiki moja, mpaka hawa waondoke. Hodi yako inawaamsha. Akaniuliza, na wanawake je? Nikamwambia, saa hizo hao wamelala.

Lori la mchanga lilipita, na vumbi lake likatua juu ya vikombe. Hakuna aliyefunika chake.

— Na siku ile alipofukuzwa, akauliza Gachanja, hukuwaambia watu hivyo?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Abdulqadir, ambaye ana sheria kwa kila jambo, alikuwa akikwangua kidato chake kwa ukucha, akitoa uchafu ambao haukuwamo. Kiponda alivuta pumzi kama anayetaka kutoa methali, nasi tukangoja, kwa kuwa hata methali isiyofaa ingetusaidia wakati ule.

— Phineas Gona, akasema.

Alilitaja lote, taratibu, kama mtoto anayesoma jina ubaoni.

— Twende kwanza nikuonyeshe hema, Mwaro akamwambia Gachanja, lakini hakuinuka. Kisha akainuka, na hakwenda upande wa gari. Alikiacha kikombe chake katika kidato kikiwa kimejaa. Akangoja bodaboda mbili zipite, akavuka barabara.

Meza ya Dorcas haina mlango wala ukuta. Ina miguu minne, jiko ubavuni, na mwavuli uliofifia rangi. Mwaro alisimama hatua chache kabla ya kuifikia, kama mtu aliye nje ya ua wa watu. Akavua kofia yake.

— Hodi, akasema.

Dorcas aligeuza hamri katika mafuta.

— Hodi, akasema Mwaro tena.

Tukayasikia mafuta yakichemka ng'ambo ile. Muhdhar, ili afanye jambo, aliinamisha dele juu ya kikombe changu. Halikutoa kitu. Hakutangaza kwamba kahawa imekwisha.

Kwetu hodi ni tatu, na ya tatu isipojibiwa mtu hurudi alikotoka. Mwaro hakuipiga ya tatu. Alisimama pale juani, kofia mkononi, na Dorcas akatia mahamri mengine kwenye mafuta.