Elisée Sebagabo, Aliyechagua Bafle Kama Ng'ombe wa Maziwa

Elisée Sebagabo alizaliwa tarehe 3 Juni 1959 huko Minembwe, Kivu ya Kusini, mtoto wa nne wa mfugaji. Zamani hizo ng'ombe hakununuliwa kwa macho. Mnunuzi alilala kwa muuzaji, akamwona ng'ombe akikamuliwa jioni na asubuhi, ndipo akasema neno. Siku hizi mtu hununua kwa kidole juu ya simu, kisha analia. Sebagabo hakuyaacha ya wazee.

Alisoma shule ya misheni hadi mwaka wa sita. Baba alipofariki, alishuka Uvira, akajifunza kutengeneza redio kwa kuzifungua zilizokufa. Hakuna aliyemfundisha.

Mwaka 1984 alimwoa Pélagie Nyirabizimana, wakajaliwa watoto watano. Pélagie amezoea kusema, "Alinichumbia miaka miwili. Nilidhani ananipenda, kumbe ananipima."

Vita viliwafukuza, na Oktoba 2012 wakafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, eneo la Rubondo. Ng'ombe hakuwa nao tena. Makanisa yalipojua kwamba ana masikio makali, yakawa yanamtuma mjini Mbarara kuchagua bafle, zile spika za betri zinazobebwa kwa mkono.

Alikosea mara moja. Tarehe 10 Desemba 2016, katika harusi ya binti yake Grâce, bafle aliyoichagua mwenyewe ilizimika wakati mama yake Pélagie anaanza kubariki. Aliipima dukani kwa umeme wa mjini, akasahau kwamba huku tunachaji kwa sola. Baraka hazikusikika, na yule mama alifariki kabla ya Pasaka. Watu wakasema masikio ya Sebagabo yamekwisha. Karibu miaka sita hakutumwa tena popote, na hilo lilimuuma kuliko ng'ombe waliobaki milimani.

Agosti 2022 wamama wa kanisa, wakiongozwa na Mama Annonciata, walikosa mtu mwingine wa kuwasindikiza, wakaenda naye Kakoba, mtaa wa Mbarara. Alibeba betri yake ya sola ndani ya kikapu. Katika duka la Faizo aliinua kila bafle kupima uzito, akaitikisa asikie skrubu zilizolegea, akakataa kupigiwa muziki.

"Muziki unaficha ubovu," alisema. "Mama, soma Zaburi."

Annonciata alisoma huku akitembea na maikrofoni hadi ng'ambo ya barabara, boda boda zikimpigia honi. Kisha Sebagabo alizichaji bafle tatu kwa betri yake, akaziacha ziseme, akaketi.

"Mzee, hii si ng'ombe," Faizo alilalamika. "Wewe sikia, lipa, enda."

"Ni ng'ombe. Nangoja ikamuliwe jioni."

"Papa Sebagabo, gari itatuacha!" Annonciata alisema. "Batu banatungoja."

"Gari ikituacha tutapata ingine. Bafle mubaya haitatuacha, tutakaa nayo."

Moja ilikufa saa nane. Ya pili ilianza kunuka waya unaoungua. Ya tatu ilifika jioni bila kukwaruza. Wakalala kwa ndugu, wakarudi asubuhi wakaisikiliza tena, ndipo wakainunua. Faizo alicheka, na tangu hapo akawa anampigia simu mzee kabla ya kuleta mzigo mpya.

Bafle ile ilihudumu miaka mitatu, katika harusi na mazishi, hadi ikachakaa kwa uzee wake yenyewe.

Machi 2025 Sebagabo aliugua figo. Alitibiwa hospitali ya Ruharo, akarudi nyumbani Septemba. Kwa kuwa alikuwa kitandani, wamama walikwenda wenyewe kununua bafle nyingine. Jumapili tarehe 16 Novemba, Annonciata aliileta mpaka kitandani pake, taa zake zikiwaka rangi zote.

"Nimeona nisiitumie kanisani kabla haujaisikia," alimwambia.

Sebagabo aliweka kiganja nyuma ya bafle, akasikiliza mstari mmoja wa Zaburi.

"Muirudishe."

Kesho yake waliirudisha Mbarara. Hakuna aliyemwuliza sababu. Pélagie anasema siku hiyo alikula ugali na kumaliza, akalala akitabasamu. Alifariki Jumatano tarehe 19 Novemba 2025, alfajiri, mkono wa mke wake ukiwa kichwani pake.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, na kaka yake Semahoro, aliyeandika haya. Leo kanisa halina bafle, kwa sababu ya neno lake. Kwa hiyo tunasoma kwa mdomo mtupu, na walio nyuma wasogee karibu na kaburi.

Bwana amlaze Elisée mahali pa amani.