Wasifu wa Baba Yetu, Mwalimu Kwato

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa nne wa fundi wa reli, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Bibi alikuwa akisema mtoto huyo alianza maswali kabla ya kutembea, na hakuna aliyembishia.

Alimaliza sekondari mwaka 1967, akaingia chuo cha mifugo, na huko farasi wakamteka. Akirudi likizo aliwasumbua wazazi mezani: farasi hana mfuko wa nyongo, hana mtulinga, hapumui kwa mdomo. Babu alimkatiza, "Haya bwana, kula kwanza."

Mwaka 1972 aliajiriwa chuoni hapo, akafundisha maumbile ya wanyama kwa miaka thelathini na saba. Picha za vitabuni hazikumtosha. Alimleta farasi mweusi mzima, akamchora kwa chaki juu ya ngozi, mapafu hapa, utumbo mkubwa kule. Siku moja farasi akachomoka, akapita mbele ya ofisi ya mkuu wa chuo na matumbo yake nje nje. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwato, kwa vile hakuchoka kueleza kwamba ukwato ukikanyaga husukuma damu irudi juu. Jina hilo lilimfuata hadi sokoni.

Alimwoa mama yetu, mshonaji, tarehe 7 Agosti 1976. Uchungu wa mimba ya kwanza ulipoanza, alimshika mkono akamzungusha uani bila kumpumzisha. Farasi hawezi kutapika, na akiumwa tumbo hutembezwa asije akajigaragaza. Baba hakujua dawa nyingine. Mkunga alipofika alifoka, "We baba, huyu ni mkeo, si farasi! Mwache akae!" Mama alimkumbushia hilo kila walipokosana.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi zikawa za shida. Mwezi Mei mwaka huu alikikataa kitanda kabisa, akawa anasinzia kitini kando ya Mama, ambaye siku hizi haoni. Binti yake mkubwa alimsihi ajinyooshe.

"Mwanangu," alimjibu, "farasi husinzia amesimama, goti linajifunga lenyewe. Lakini usingizi wenyewe mpaka alale chini, na halali hivihivi, anataka mwenzake asimame amlinde. Sasa mimi nikilala, mama yenu ana nani?"

Maneno hayo yalituchoma. Watoto watatu tulikuwa tukiishi mbali, kila mmoja na shughuli zake. Jumapili, tarehe 9 Juni, tulikutana nyumbani, na kitindamimba akahamia na mizigo yake. Baba alilitazama begi likiingizwa chumba cha nyuma. Baadaye aliomba tumsaidie kupanda kitandani. Tulimwekea mito, akakoroma kama zamani.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa tisa alasiri, akiwa usingizini. Tulitamani abaki nasi. Inatuuma sana.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja.

Lala, Baba. Mama tunaye.