Bwana Famau Madi na Mikono Aliyoishika

Tarehe 31 Machi 1919, Bwana Famau Madi anastaafu baada ya miaka kumi na miwili ya kazi katika zahanati yetu hapa Amu. Ingefaa siku hii iwe ya furaha. Mimi Abdulhalim, karani wa zahanati, niliyeombwa kuandika maneno haya, siioni furaha hiyo wala sitajifanya ninaiona.

Bwana Famau ni mzaliwa wa Chundwa, na aliingia kazini mwaka 1907 kufunga vidonda. Mashine ya eksirei ilipoletwa mwaka 1911, daktari alitafuta mtu asiyeiogopa. Wengine wetu tukakumbuka ghafla kwamba tuna kazi nyingi. Famau alibaki amesimama pale pale, akapewa yeye.

Haukupita mwezi akawa anaijua kuliko aliyemfundisha. Alitueleza kwamba kigasha, yaani mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo, kina mifupa miwili: mmoja upande wa dole gumba, mwingine upande wa kidole cha mwisho. Kiganja kikitazama chini, mifupa hiyo hupishana na ufa hufichika. Kikitazama juu, hulala sambamba na kila kitu huonekana. Kiwiko alikipiga picha mara mbili, kimenyooshwa kisha kimekunjwa, bega likiwa usawa wa meza. Kwa hilo la bega alikuwa msumbufu kupita kiasi.

Kugeuza kiganja ndiko kulikomtesa. Akaona awaambie wagonjwa waweke mkono kama wanaomba dua. Bi Mwanamkisi wa Kipungani, aliyeteleza kisimani, alitii mara moja: akainua mikono yote miwili, hata ule mbovu, akamwombea daktari, zahanati na Waislamu wote, na sisi tukaitikia amina. Kioo cha picha kiliharibika. Famau alicheka hadi akakaa chini, kisha akaweka kingine.

Wasiotulia kabisa walikuwa watoto. Hao aliwashika mwenyewe, vidole vyake vikiwa ndani ya ule mwanga wa eksirei. Kabatini tuna vioo vingi ambavyo kando ya mfupa mdogo wa mtoto imo mifupa ya vidole vya Famau. Mwaka 1915 ngozi ya mkono wake wa kulia ilianza kukauka na kupasuka. Tulisema ni dawa ya kusafishia vioo. Akapaka mafuta ya simsim, akaendelea. Leo vidole viwili havipo, na donda limepanda hadi kwenye kifundo. Miaka minane, hakuna hata mmoja wetu aliyesema: leo nitamshika mtoto mimi. Mimi nilikaa nje nikiandika majina. Naona aibu kuyasema haya, lakini kuyanyamazia ni aibu kubwa zaidi.

Alhamisi anasafiri kwenda Mombasa kukatwa mkono. Barua ya kwanza ya madaktari wa huko ilisema utakatwa juu ya kiwiko. Famau alikataa. Anajua kwamba mwenye kiwiko bado ataweza kuchukua kikapu na kumpakata mjukuu. Aliomba kigasha chake kipigwe picha, ili madaktari waone mahali mfupa ulipo mzima.

Mwezi uliopita aliketi mezani kwake mwenyewe, safari hii kama mgonjwa. Bega likawa usawa, kiganja kikatazama juu, lakini mkono ulikuwa ukitetemeka. Nikasogea kuushika. Akanikemea: "Toka nde, Abdulhalim! Wako ungali mzima."

Nikatoka. Alivyoutuliza peke yake sijui, lakini picha ilikuwa safi: mifupa miwili sambamba, mizima kwa upana wa vidole vinne chini ya kiwiko. Jibu limefika jana. Watakata chini, na kiwiko kitabaki.

Bwana Famau, tunakushukuru sote. Tunakuombea safari ya salama, siha, na miaka mingi pamoja na mkeo Bi Radhiya na wajukuu zenu. Ukirudi, nyumba ya kwanza kubisha hodi iwe yangu, na lolote litakalohitaji mikono miwili, nitume mimi.