Deraya ya Kimya

Kwenye kambi ya Grunwald, pale uchochoro wa mahema ya wahunzi unapokutana na njia ya kwenda uwanja wa vita, kuna gogo lililochongwa likawa benchi. Kila Julai, watu wanapokusanyika kuigiza vita vya kale, wenye benchi hilo hurudi, na birika jeusi huwekwa kwenye makaa kabla hata mahema hayajasimama sawasawa. Kutu, fundi wa deraya za pete aliyepewa jina hilo kwa ajili ya ndevu zake nyekundu, hukaa karibu na birika. Askofu, mwalimu asiyeweza kuomba chumvi bila kuhubiri, hukaa katikati, na Mama Ngao, mchoraji wa ngao, hukaa pembeni yake na brashi zake. Nafasi ya mwisho ni ya Kimya, mtu wa maneno machache. Mwaka huu ilikuwa tupu, na Kutu alikuwa akiitupia jicho kila alipomimina kahawa.

— Kanuna, alisema Askofu. Mwaka jana ulimwambia deraya imemkaa kama gunia la viazi.

— Nilimwambia afunge mkanda, Kutu alijitetea. Usipofunga mkanda, uzito wote unaning'inia mabegani. Ukifunga, kiuno kinasaidia. Sasa mtu mzima ananuna kwa mkanda?

— Ukisema wewe, hata birika linanuna.

— Kaoa huyo, alikata Mama Ngao. Mwanamume akioa, vyuma ndivyo vitu vya kwanza kutolewa nyumbani.

— Kimya aoe? alidakia Kutu. Atamtongoza mtu kwa ishara?

— Basi kaenda Norwe kuvua samaki. Kule hakuna wa kuongea naye, atanenepa.

— Nyie hamjui! Askofu alisimama. Kahamia kwa maadui. Kavaa joho jeupe lenye msalaba, na Jumamosi, siku ya vita, mtamwona anatufukuza na upanga, kimya kimya hivyo hivyo!

Walicheka, Kutu pia, ingawa kicheko chake kilikatika mapema. Alikuwa hapendi ile nafasi ilivyokuwa wazi.

Hapo ndipo mwanamke mmoja akaja, wa makamo, amevaa koti la mvua, amebeba begi zito kwa mikono miwili.

— Samahanini. Nimeambiwa hapa ndipo wanapojua mambo ya deraya.

— Umefika, dada. Karibu. Ila usikae hapo, alisema Askofu, hapo pana mwenyewe.

Yule mwanamke aliitazama ile nafasi, akabaki amesimama.

— Nina moja imeshika kutu. Sijui niitunzeje.

— Iloweke kwenye siki, alisema Mama Ngao.

— Siki ukizidisha inakula chuma! alibisha Askofu. Itie kwenye pipa la mchanga mkavu, dada, ulibingirishe kutwa nzima.

— Pipa la nini? alisema Mama Ngao. Ifunge nyuma ya gari uiburute mpaka mjini Olsztynek. Ukifika inang'aa kama mwezi.

— Uivae ukalale nayo, alisema Askofu. Mashujaa wa zamani walilala nazo. Joto la mwili linafukuza kutu.

— Jasho ndilo linaloleta kutu, we mwalimu! Kutu alimgeukia mgeni. Wasikudanganye. Nionyeshe kwanza. Kama pete zimekunjwa tu ncha zikagusana, usihangaike nayo, hiyo mkuki ukiigusa inafunguka. Itundike ukutani. Ila kama kila pete imepigwa ribiti, kile kimsumari cha kuikaza, hiyo ni deraya ya mtu kuivaa.

Mwanamke alifungua begi. Kutu aliinyanyua deraya kwa mabega, ikamwagika kwa ule mlio wake wa mvua nzito. Kila pete ilikuwa na ribiti. Mabegani na kolani ilikuwa imeshika kutu. Kutu akapitisha mikono chini ya makwapa yake, na mikono ikasimama. Palikuwa na kiraka cha pete za shaba, upana wa kiganja. Alikitia yeye mwenyewe, siku pete za chuma zilipomwishia. Baadaye alitaka kukibadilisha, na mwenye deraya akakataa. "Iache," alisema, "inapendeza." Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa hotuba.

— Umeitoa wapi hii?

— Ya kaka yangu.

— Mwambie aje mwenyewe, mjinga huyo! Kahawa yake inapoa kila siku!

— Alifariki Februari, alisema yule mwanamke. Mapafu. Alilazwa tangu kabla ya Krismasi.

Mama Ngao alifanya ishara ya msalaba.

— Sisi tulikuwa watu wake, Kutu alisema. Miaka yote hii.

— Najua. Kitandani hakuwa na hadithi nyingine. Kutu kasema hivi, Askofu kabisha vile. Siku ya mazishi nilisimama mlangoni mwa kanisa nikiwangoja. Tulikuwa mimi, jirani na padri. Ningempigia nani simu? Kutu wa wapi?

— Hatukujua, dada.

— Sikuja kulaumu. Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Kaka yangu aliitwa nani?

— Kimya, alisema Mama Ngao.

— Jina lake. La ubatizo.

Askofu alimtazama Kutu, Kutu akatazama chini. Alijua upana wa kifua cha yule mtu, alijua bega lake la kushoto limeshuka kidogo, alijua kwamba alfajiri huamka kabla ya wote kuwapasulia kuni. Akalitafuta jina kila mahali kichwani, hakulipata, na uso ukamwaka kwa aibu. Kahawa ilichemka ikamwagikia makaa. Hakuna aliyeipua.

— Ziemowit, alisema dada yake. Nyumbani tulimwita Ziemek.

Kutu alilirudia polepole, mara mbili. Akafuta kiganja kwenye aproni, akasimama, akampa mkono.

— Jarema Sobczak. Natokea Łomża.

— Ludmiła.

— Wit, alisema Askofu kwa sauti ndogo.

— Mimi Bogna, alisema Mama Ngao, akiwa analia.

Walimkalisha kwenye nafasi ya kaka yake. Jarema alitandaza deraya magotini mwa wote wanne, akagawa vitambaa na mafuta ya mbegu za kitani, akamwonyesha Ludmiła namna ya kusugua: pete kwa pete, bila haraka, kuanzia mabegani, maana ndipo maji yanapokaa. Uwanjani tarumbeta ililia kuwaita watu mazoezini. Hawakunyanyuka.

— Alikuwa akifanya kazi gani, Ziemowit? Jarema aliuliza.

— Alikuwa anafunga na kufungua kizuizi pale reli inapokata barabara, nje kidogo ya mji wa Pisz, alisema Ludmiła. Kibanda kimoja, yeye na treni zake.

— Tuambie, dada. Anzia alipozaliwa.