Mafuta ya Mama na Kisigino Changu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu kwa miguu miwili, na sifa zote ni zake.

Mnanifahamu, mimi ni mtu wa kutangatanga. Nimekata mkonge Korogwe, nimelima mpunga Kilombero, sijatulia popote. Lakini kila nilikokwenda nilibeba kopo la mafuta ya kupaka anayotengeneza mama pale Lukozi, kwa parachichi, mshubiri na maji ya chemchemi. Nikilifungua ugenini, nasikia harufu ya nyumbani.

Niliwahi kumuuliza mama kama hayaozi. Akanicheka: "Baridi ya huku inatunza hata maziwa, mwanangu, seuze mafuta?" Na kweli, huku milimani yalikaa. Joto la bondeni hatukulifikiria! Kilombero yalichachuka, yakaota madoa ya kijani. Nami kwa kukumbuka kwetu, nikayakoroga, nikaendelea kupaka kisigino kilichopasuka.

Mguu ukavimba hadi gotini! Hospitalini muuguzi akafungua kopo, akageuza uso.

"Kaka, humu vijidudu vimeoa na kuzaa! Penye maji lazima pawe na dawa ya kuzuia kuoza. Wewe umeweka maji, parachichi, na vidole vyako kila siku!"

Daktari akasema maambukizi yakizidi kupanda, watakata. Ndugu zangu, nililia! Mtu asiye na shamba wala mke, mali yake ni miguu. Nikasema, Bwana, nirudishe kwetu nikitembea. Wakasafisha kidonda, wakanichoma sindano, nami nikaomba bila kukoma. Uvimbe ukashuka! Atukuzwe!

Nilipofika Lukozi nikamweleza mama. Akanikazia macho. "Kwa hiyo nilikupa sumu?"

"Hapana, mama. Yalioza kwa sababu ya maji."

Dawa ile ya kuzuia kuoza hatujui kuipima, basi tumeazimia kuondoa maji kabisa. Sasa tunayeyusha nta ya nyuki kwenye mafuta ya nazi. Makopo tunayachemsha na kuyakausha, na hakuna kuchota kwa kidole! Majirani wanaoyatumia wanalalamika kwamba yamekuwa magumu. Mama anawajibu, "Anayetaka laini akapake uji!" Harudi nyuma, wala mimi sirudi.

Ndugu yangu unayeficha kidonda leo, usingoje. Nenda hospitali, na umwite Bwana ukiwa njiani. Mimi alinisikia nikiwa mbali na kwetu, bila ndugu kando ya kitanda changu. Mtegemee, hatakuacha!