Dodoma Hatuna Ndugu

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu, hata leo ambapo sauti yangu imekauka! Mimi ni mzee wa hapa kijijini Gare. Shule niliishia darasa la tatu, nyumba nimejenga kwa kabichi na plamu, sikuwahi kumlilia mtu. Lakini mwaka huu nilivunjika.

Binti yangu Neema alimaliza kidato cha sita, akataka kusomea sheria. Akataja vyuo: Dar, Iringa, Dodoma. Kwetu mtoto wa kike haendi mbali mpaka ukoo ukae kikao. Tukakaa. Kaka yangu mkubwa akauliza swali moja tu: "Huko nani atampokea?" Iringa hatuna mtu. Dodoma hatuna mtu. Dar yuko shangazi yake. Basi, vyuo vyote alivyoomba vikawa vya Dar, vile wanavyogombania watoto wa nchi nzima.

Majina yalipotoka, Neema hakuwemo. Hata chuo kimoja!

Ndugu zangu, nyumba ilikufa. Mtoto hali chakula. Akienda kuteka maji vijana wanamwita, "Wakili, njoo ututetee kabichi zetu!" Siku moja akaniambia, "Baba, nitafutie kibarua cha kuchuma chai Bumbuli, yaishe." Mimi niliyezoea kulala sokoni juu ya magunia, nilikwenda shambani nikalia katikati ya maharage. Kuomba kulinishinda. Nilikuwa namgombeza Mungu tu.

Jumapili moja mwalimu mmoja tunayesali naye hapa kanisani, mtu wa Tanga mjini, akanifuata mlangoni. "Shikamoo mzee. Dirisha la pili la maombi ya vyuo linafungwa keshokutwa. Dodoma bado wana nafasi za sheria."

Nikaitikia, nikamwambia, "Dodoma hatuna ndugu."

Nilipolisema tu, likanirudia swali la kaka yangu: nani atampokea? Hapo, watu wakiwa wanatoka ibadani, nikapiga magoti. Nikasema: Bwana, basi mpokee wewe!

Sikuitisha kikao; kesho yake Neema akaomba Dodoma. Kaka yangu mpaka leo haitikii shikamoo yangu.

Neema amepata! Anaondoka Jumatatu. Sitawadanganya, hofu bado ninayo, na mama yake analia kila akikunja nguo. Lakini asante Yesu, mtoto anakula! Na wewe mzazi uliyekaa hapo, uliyemng'ang'ania mwanao kwa woga, mwachie Mungu. Usingoje woga uishe. Mimi nimemwachia huku natetemeka.